Mkwe Mwenye Jina la Kike

Jina lake la kuzaliwa tusilitaje, mwenyewe ameshachoka kuona watu wakilicheka. Itoshe kujua kwamba ni jina la kike, tena si yale ya kubahatisha ambayo ukiyasikia unauliza kwanza. Hili ukiliita kwa sauti sokoni wanageuka wanawake watano, na wa kiume hageuki hata mmoja isipokuwa yeye. Kazini wamefupisha mambo, wanamwita Dada. Ni mwanamume mrefu, mabega mapana, ana sauti nzito ya kutikisa vikombe mezani, na akiitwa Dada huitika huku anacheka, maana hana kinyongo na mtu.

Mkasa ulianza mapema. Siku ya kwanza ya shule mwalimu alisoma majina, akampanga mstari wa wasichana, naye akaenda zake huko bila ubishi kwa sababu nyumbani aliambiwa amsikilize mwalimu. Akakaa nao, akaimba nao, akawa mmoja wao mpaka mapumziko, walipopelekwa chooni, ndipo zogo likazuka. Alipokuwa kijana akavunjika mkono, akatandikiwa kitanda wodi ya wanawake, na nesi aliyetumwa kumchukua alimpita mara mbili pale kwenye benchi huku akinung'unika kwamba mgonjwa katoroka. Watu wakimuuliza kwa nini halibadilishi, ana majibu ya mzaha ya kila aina. Huyu anamwambia jina la kiume lilikuwa limeisha dukani, yule anamwambia anangoja alizoee kwanza. Watu wanacheka, yanaishia hapo.

Hata kazi aliipata kwa jina hilohilo. Chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa kilikuwa kinatafuta mwanamke wa kupiga pasi, kwa sababu msimamizi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alikuwa amekula yamini kwamba wanaume wanaunguza mashuka. Akaliona jina, akaagiza aitwe. Jumatatu asubuhi likaingia pande la mtu, likainama mlangoni lisijigonge.

Msimamizi akavaa miwani akamkagua kuanzia viatu hadi utosini. "Mimi nimemwita dada mmoja hapa."

"Ndiye mimi, mama."

"Unaunguza?"

"Sijawahi kuunguza."

"Ukiunguza hata foronya, unaondoka na pasi yako."

Hakuunguza. Kumbe alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Chumba kile ni cha joto, mashine zinanguruma kutwa, mvuke unapanda mpaka darini unarudi chini kwa matone, na vitoroli vya mashuka machafu vinaingia mlango huu wakati masafi yanatokea ule. Wengine walikimbia baada ya wiki. Yeye alipapenda. Alipenda kuona kitu kilichoingia kimekunjamana na kuchafuka kinatoka kimenyooka, cheupe, kina joto, kinaenda kulaliwa na mtu anayeumwa. Miaka ikapita, mikono yake ikawa laini kwa sabuni na mvuke kupita ya mtoto mchanga, akawa Dada wa pasi, na hospitali nzima ikamjua.

Sasa, kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwingine anashika mbili kule, mnalikung'uta, mnalikunja katikati, kisha mnasogeleana mpaka mikono ikutane, mmoja anaachia na mwingine anapokea. Halafu mnarudi nyuma, mnaanza jingine. Ukipangwa na mtu usiyeelewana naye, siku haiishi. Msimamizi akampangia msichana mgeni, aliyetoka mji mwingine, mchangamfu, mwenye mdomo usiokaa kimya. Mwanzoni walikunja mashuka. Baada ya muda wakawa wanakunja mashuka na kuzungumza. Mwishowe wakaanza kukunjua yaliyokwisha kunjwa ili wayakunje upya, na msimamizi akaona, akavua miwani yake ili asione.

Hapo ndipo jina likaingia kazini tena, safari hii kwa ubaya.

Msichana alikuwa na mama, na mama huyo hakuwa wa mchezo. Alikuwa na duka la vyombo huko kwao, mjane aliyelea watoto wawili kwa kuuza sahani na masufuria, na siku alipomsindikiza binti yake kituoni alimwambia neno moja tu: "Nikisikia jina la mwanamume kwenye maongezi yako, nakuja kukuchukua mwenyewe." Basi binti akawa anapiga simu kila Jumapili, na mdomo wake ule usiokaa kimya ukamponza. Jina likamtoka. Akashika pumzi, akangoja radi ipige.

"Afadhali," mama yake akasema. "Nilikuwa na hofu utakaa huko peke yako. Huyo rafiki yako ana adabu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Lugha yetu hii haina shida na mtu, yeye ni yeye, amekuja ni amekuja, na huwezi kujua kama aliyekuja amevaa suruali au gauni. Pengine ni kwenye kuoa na kuolewa tu ndipo inaposema wazi, na huko walikuwa bado hawajafika. Kwa hiyo Jumapili hadi Jumapili binti akasimulia ukweli mtupu. Leo amenisindikiza mpaka mlangoni. Leo nilikuwa na homa, akanipikia uji. Ni mrefu, mama, mpole, ana mikono laini ajabu. Mama akawa anapokea kila neno na kuliweka moyoni, na salamu zikaanza kumiminika: mpe pole na kazi, mwambie asinyeshewe, mwambie namwombea.

Dada hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Mwambie ukweli," alimsihi, shuka likiwa katikati yao.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumapili."

Jumapili ilikuja ikaenda, ikaja nyingine. Yeye akawa anaumia rohoni, kwa sababu alikuwa hatanii. Alimpenda binti huyu, alitaka kumuoa, na alikuwa anataka aingie nyumba ile kwa mlango wa mbele kama mtu mwenye heshima zake. Alijua pia kwamba binti hangeolewa bila baraka ya mama yake. Alishamwambia hivyo waziwazi: "Mama akikataa, mimi sina la kufanya. Ameshateseka vya kutosha kwa ajili yetu."

Kisha ikaja Jumapili moja. Dada alikuwa chumbani kwake anapiga pasi shati, maana hata nyumbani hakuachana na kazi, akasikia miguu inapanda ngazi mbiombio. Mlango ukafunguka bila hodi. Binti alikuwa anahema, simu bado iko mkononi.

"Ameshajua," akasema.

"Nani?"

"Mama. Ameniuliza, huyo rafiki yako ana mtu? Nikajikaza, nikamwambia hana mtu mwingine. Akasema, basi mimi nimempenda, nataka awe mkwe wangu. Mkwe, kasema. Mlete nimwone."

Dada akasimama na pasi hewani. "Kasema mkwe?"

"Kwa mdomo wake. Mama hafichwi kitu, nilikuambia. Kumbe alikuwa anajua siku zote, ananitega tu."

Furaha iliyomshika hapo haina kifani. Alicheka, akamnyanyua binti wa watu juu mpaka kichwa kikagusa dari, akamtua, akamnyanyua tena. Pasi aliisahau juu ya shati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaunguza nguo, alama nyeusi ya pembetatu mgongoni, naye hakujali. Jumatatu chumba cha kufulia kizima kilikuwa na habari. Msimamizi alimpa ruhusa kabla hajaomba, akamwambia avae viatu vya kufunga, si vya kutumbukiza, kwa maana wakwe huanza kukutazama miguuni.

Wiki ile hakulala vizuri. Alinunua suruali mpya. Alijifunza kukaa kwenye kiti bila kujikunja. Alimpigia baba yake, seremala mzee wa maneno machache, akamweleza, na baba akasema, "Waambie ninawasalimu. Wakikukubali, nitakuja mwenyewe." Dada alikuwa tayari anaona meza, anaona watu wamekaa, anamwona mama mkwe akimkaribisha chakula. Alikuwa anatembea barabarani anacheka peke yake.

Waliwasili mchana, wameshuka basi wakapanda kilima kidogo, yeye amebeba mfuko mkubwa begani na mwingine mkononi, binti ametangulia. Nyumba ilikuwa na ua mdogo uliofagiwa, mapazia mapya madirishani, na mlango uko wazi. Mama akatoka. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, kanga imefungwa imara, na uso wake uling'ara kwa furaha. Akamkumbatia binti yake, akamwachia, akanyoosha shingo kutazama nyuma.

"Asante, baba," akamwambia Dada. "Tua mzigo hapo kwenye ngazi, utapewa maji ya kunywa. Haya, mwanangu, mgeni wangu umemwacha wapi?"

"Mgeni gani, mama?"

Mama akalitaja jina, kwa sauti ya mapenzi kabisa.

"Si huyu hapa," binti akasema.

Mama akatazama nyuma ya Dada. Hapakuwa na mtu. Akatazama upande wake wa kulia, akatazama wa kushoto. Mwisho akamtazama yeye mwenyewe, polepole, kuanzia viatu vya kufunga, kama msimamizi alivyobashiri, hadi kwenye ndevu, na uso ukaanza kumbadilika.

Wakati huohuo kaka mtu akatokea mlangoni. Huyu ni fundi bomba, mtu wa umri wa kutosha, mkono wake hauna mpinzani kwenye mabomba, ila kwa wanawake ni domo zege la kupindukia. Leo alikuwa amenyolewa vizuri, amevaa shati jipya lililo na mikunjo ya kiwandani bado, na manukato yake yalifika uani kabla yake. Mkononi alikuwa ameshika gauni jipya la bluu, lililoshonwa kwa kimo cha mtu mrefu. Akasimama. Akamtazama dada yake, akamtazama yule mgeni, akatazama gauni.

Dada, mwanamume yule mwenye mabega, akajumlisha mbili na mbili, na moyo wake wote uliokuwa juu wiki nzima ukaporomoka.

"Mama," binti alisema, "si ulisema awe mkwe wako?"

"Nilisema. Mke wa kaka yako. Wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri umeshajua."

"Nijue nini? Uliniambia mpole, uliniambia ana mikono laini."

"Anayo, mama."

Mama, bila kufikiri, akaukamata mkono wa Dada na kuupapasa kiganjani alivyozoea kukagua bidhaa dukani. Mkono ulikuwa laini kweli. Jambo hilo lilimkasirisha zaidi. Akauachia.

"Ingieni ndani," akasema. "Majirani wasije wakapata sinema ya bure."

Sebuleni vikombe vilikuwa vimepangwa, vile vizuri vya kioo ambavyo haviuzwi. Hakuna aliyevigusa. Mama hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akamgeukia mgeni.

"Huyu wangu nitamalizana naye baadaye. Wewe ndiye nakuuliza. Mtu mzima, una ndevu zako, unatembea na jina la kike miaka yote hii. Kubadilisha ni karatasi tu. Hukubadilisha kwa nini? Au unalipenda kwa sababu linakupenyeza kwenye nyumba za watu?"

Binti akafungua mdomo, mama akamnyamazisha kwa kidole.

Dada alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, yote ya kuchekesha, na yote yalimjia kichwani kwa pamoja. Akayaacha yapite. Alijua kwamba akitoka na mzaha hapa, anatoka na mzaha wake huohuo mpaka kituo cha basi. Sauti yake nzito ikatoka ndogo.

"Mama yangu ndiye aliyelichagua. Alikuwa na uhakika mimi ni msichana. Baba anasema tangu mimba ilipoonekana alikuwa akiniita kwa jina hilo. Akipika ananiita, akilala ananiita, ananisimulia mambo ya siku nzima. Siku ya kunizaa hakuamka. Hakunitia machoni. Watu wakamwambia baba, mpe mtoto jina la kiume, baba akakataa. Akasema huyu mama yake ameongea naye miezi yote kwa jina hili, nikimpa jingine nitakuwa nimemwambia marehemu kwamba alikuwa anaongea na mtu ambaye hayupo." Akamtazama mama wa binti usoni. "Mimi mama yangu simjui, hata picha yake sina. Ninachojua ni kwamba aliniita hivyo. Wanacheka, nami nacheka nao. Ila kulibadilisha siwezi, mama. Kama ndilo linaloninyima binti yako, basi nimenyimwa. Siwezi."

 Mama alimtazama. Akageuka akaingia jikoni. Wakasikia sufuria linafunikwa, linafunuliwa, linafunikwa tena, bila sababu.

Binti alikuwa analia kimyakimya. Kaka mtu alikuwa bado amesimama na gauni lake. Maskini, wiki nzima alikuwa amejifunza sentensi moja mbele ya kioo, na neno jingine la kusema hakuwa nalo. Akalitundika gauni kwenye kiti, akajipangusa jasho, akamsogelea mgeni.

"Karibu sana," akasema, sauti ya kukariri. "Jisikie nyumbani. Mimi si msemaji, lakini moyo wangu ni mzuri."

Dada akamtazama, akaona mtu huyu hatanii. Akampa mkono, wakashikana sawasawa. "Asante, shemeji," akasema, na neno likamtoka kabla hajalizuia.

Hapo sauti ikasikika uani, sauti ya kujiamini, ya mtu anayejua anangojewa. Ni shangazi, dada wa marehemu baba yao, ambaye mama alikuwa amemwalika aje aone mkwe, na ambaye siku zote amekuwa akisema kwamba mama huyu hawezi kuchagua hata sahani isiyo na ufa. Akaingia bila kuvua mtandio.

"Haya, yuko wapi? Nimeambiwa wiki nzima mkwe, mkwe. Nimekuja nimwone huyo mkwe."

Binti akashika tama. Kaka akaangalia chini. Dada akasimama kwa adabu, mikono pembeni. Alijua hukumu ndiyo hii. Mama angeweza kusema ni mgeni amepita tu, ni mfanyakazi mwenzake binti, ni mchukuzi, na yeye angeondoka bila kelele.

Mama akatokeza mlango wa jikoni. Macho yalikuwa mekundu, labda ni moshi.

"Si huyo mbele yako," akasema.

Shangazi akamtazama, akatazama pembeni, akarudi kwake. "Huyu mwanamume?"

"Ndiye."

"Mimi nilijua ni mke wa kijana wako."

"Nilikwambia nimepata mkwe," mama akasema. "Mpole, mrefu, ana mikono laini. Mguse mkono uone kama nilikudanganya. Uliwahi kunisikia nikitamka kwamba ni wa nani?"

Shangazi akafikiri. Alikuwa mtu wa kukumbuka maneno, akayapitia yote ya wiki nzima, moja moja, akitafuta mahali pa kumshika wifi yake, asipaone. Akavuta kiti akakaa. "Basi tupeni chai," akasema.

Binti hakuamini alichosikia.  Mama alikuwa hamwangalii. Alikuwa anamwangalia kijana yule mrefu aliyesimama katikati ya sebule yake hajui aweke wapi mikono. Akavuta kiti cha mezani, kile cha karibu na chake mwenyewe. Kisha akamwita. Hakumwita mgeni, wala kijana, wala mkwe. Alimwita kwa jina lake lote, taratibu, bila tabasamu la kejeli, kwa sauti wanayoitiwa watoto wa nyumbani chakula kikiwa tayari.

Walimu walikuwa wameshamwita kwa jina hilo, na manesi, na makarani, na nusu yao walicheka. Mwanamke wa kwanza kumwita hivyo alimwita wakati ambapo yeye hakuweza kuitika.

"Naam, mama," akasema, na vikombe vikatikisika mezani.